Mita ya Hifadhidata Inahesabu Nini?

Aurora, hifadhidata ya wingu ya Amazon, yaani mfumo wa kutunza data unaokodishwa mtandaoni, ina bei mbili kwa kitu ambacho ukikitazama harakaharaka ni kimoja. Mashine ya db.r6g.large, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, inakodishwa kwa senti 26 za dola kwa saa katika vituo vya Virginia, Marekani. Kumbukumbu ya ukubwa huohuo ukiichukua kwa mtindo unaoitwa "usio na seva" inahesabiwa kwa vipande vya takriban gigabaiti 2, kila kipande senti 12 kwa saa. Vipande 8 vinafika senti 96. Ni zaidi ya mara tatu na nusu, na anayeziona namba hizi kwa mara ya kwanza hurudi kuangalia kama amesoma mstari usio wake.

Hakukosea, na wala hajadanganywa. Senti 26 zinalipwa usiku na mchana, mashine iwe na kazi au imekaa tu. Senti 96 zinalipwa kazi inapokuwepo, na kazi ikipungua vipande navyo vinapunguzwa. Ile tofauti ya senti 70 ni malipo ya kumwachia mwenye wingu mzigo wa kusubiri: mashine ikikaa bure, hasara ni yake. Gawanya 26 kwa 96 utapata asilimia 27. Programu ambayo kwa wastani inatumia chini ya kiwango hicho inapata nafuu kwenye senti 96. Inayotumia zaidi inamlipa mtu ujira wa kusubiri wakati hakuna kinachosubiriwa.

Hesabu hii hukosekana katika mazungumzo mengi ya bei za wingu. Watu huketi kulinganisha kampuni na kampuni, nani ana gigabaiti ya bei nafuu, nani anatoa miezi mingapi ya majaribio. Wakati huo tofauti kubwa zaidi imo ndani ya kampuni ileile, kati ya namna moja ya kulipa na nyingine.

Tuichukue DynamoDB, nayo ya Amazon, iliyotoka mwaka 2012. Kwa miaka yake ya mwanzo ulikuwa unatangaza mapema unataka uwezo wa kuandika mara ngapi kwa sekunde, na unalipia uwezo huo kwa saa. Novemba 2018 ikaja namna ya pili: usitangaze chochote, lipia kila andiko linapopita, dola 1.25 kwa maandiko milioni. Sasa piga hesabu. Kipimo kimoja cha uwezo uliotangazwa kinagharimu dola 0.00065 kwa saa na kinaruhusu andiko moja kila sekunde, yaani 3,600 kwa saa. Ukikitumia chote bila kubakiza, maandiko milioni yanakugharimu senti 18. Kwa hiyo dola 1.25 zilikuwa karibu mara saba, na mstari wa kuamua ulikaa kwenye matumizi ya asilimia 14 hivi. Ni programu iliyolala sana tu ndiyo iliyopata faida kwa kulipia kila andiko.

Novemba 2024 Amazon ikaikata bei hiyo nusu, ikawa senti 62.5. Mstari ukaruka kutoka asilimia 14 hadi 29 kwa siku moja. Timu iliyokaa mwaka 2019, ikapiga hesabu vizuri kabisa na kuchagua uwezo wa kutangaza kwa sababu inautumia kwa asilimia 20, leo iko upande usio wake, na haikufanya kosa lolote. Uamuzi wa bei una tarehe, kama dawa. Nimeona nyaraka za ndani za mifumo zinazoeleza kwa ufasaha kwa nini tulichagua hiki tukaacha kile, bila kutaja tuliamua lini na kwa bei gani. Hizo hazina msaada wowote kwa anayezifungua baada ya miaka mitatu.

Utaona namba hizi, 27 na 29, zimekaribiana mno kwa bidhaa mbili zisizofanana. Siwezi kuapa kwamba wapanga bei walikusudia, lakini ukiangalia juma la kazi linavyokaa, robo si mahali pa ajabu. Mfumo wa ofisi unaotumika saa nane kwa siku, siku tano, unafanya kazi saa 40 kati ya 168 za juma, sawa na asilimia 24. Yaani mfumo wa kawaida kabisa, ambao watu wanaufungua asubuhi na kuufunga jioni, unaangukia karibu juu ya mstari wenyewe. Hapo ndipo ubishi unapokuwa mkali na faida inapokuwa ndogo, na ushauri wangu kwa walio hapo ni kuacha kubishana. Tofauti ya dola chache kwa mwezi haistahili vikao vitatu.

Isipokuwa kwa jambo moja: je, mfumo wako unalala kweli? "Usio na seva" ni jina zuri kuliko kitu chenyewe. Aurora ya mtindo huo, katika toleo lake la pili lililoanza kutumika rasmi Aprili 2022, haikuweza kushuka chini ya nusu kipande. Nusu kipande, kwa saa 730 za mwezi, ni karibu dola 44 hata kama hakuna mtu aliyegusa chochote. Kushuka hadi sifuri kuliruhusiwa Novemba 2024. Hata baada ya hapo, hifadhidata haisinzii ikiwa kuna muunganisho wa mtumiaji ulio wazi, na programu nyingi hufungua miunganisho kumi zinapowaka na kuishikilia hadi zizimwe. Ongeza kijiprogramu cha uangalizi kinachobisha hodi kila dakika kuuliza kama hifadhidata ipo hai. Ipo hai, ndiyo, kwa sababu umeiamsha, na utalipia.

Ninachoona kinatatiza zaidi, hata hivyo, si saa. Saa kila mtu anaijua. Ugumu unaanza pale mita inapoacha kuhesabu muda na kuanza kuhesabu vitu ambavyo mwanaprogramu hajazoea kuviona kama fedha.

Kwenye DynamoDB andiko moja ni kilobaiti 1, na kinachozidi kinapandishwa hadi kilobaiti inayofuata. Rekodi ya kilobaiti 1.1 inalipiwa maandiko mawili. Majina ya sehemu za rekodi nayo yanahesabiwa kwenye uzito, kwa hiyo mtu aliyeita sehemu "tarehe_ya_mwisho_kubadilishwa" kwenye kila rekodi analipia jina hilo kila anapoandika. Ukiiwekea jedwali faharasa ya ziada, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji, andiko linalogusa faharasa hiyo linalipiwa tena huko. Ukitaka maandiko kadhaa yakubalike yote au yakataliwe yote, kila moja linahesabiwa mara mbili. Kusoma kuna kipimo chake, kilobaiti 4, na bei inashuka nusu ukikubali kupokea data ambayo huenda imepitwa kidogo na iliyoandikwa punde. Programu nyingi zingeweza kukubali hilo bila mtumiaji kugundua, ila mwandishi wake hakuulizwa wakati anaandika.

Mtego mbaya zaidi ni wa kichujio. Unaweza kuiambia DynamoDB ikuletee rekodi za mteja fulani zenye hali ya "haijalipwa". Inakuletea tatu. Lakini kichujio kinafanya kazi baada ya kusoma, si kabla, kwa hiyo kama mteja ana rekodi 2,000 umelipia zote 2,000. Skrini inaonyesha tatu, mita imeona elfu mbili.

BigQuery ya Google ina mtego wa ukoo huohuo, kwa sura nyingine. Hiyo ni ghala la data la kuchambulia, na namna yake ya kulipa kadiri unavyotumia ni dola 6.25 kwa kila tebibaiti (gigabaiti 1,024) inayosomwa, ya kwanza kila mwezi ikiwa bure. Mtu aliyelelewa kwenye hifadhidata za kawaida anajua kwamba akitaka kuchungulia jedwali bila kulichosha anaomba safu mlalo kumi tu za mwanzo. Kwenye BigQuery, kwa jedwali la kawaida lisilopangwa kwa makundi, kuomba kumi hakupunguzi kitu: safu wima ulizozitaja zinasomwa zote. Ukitaja zote kwenye jedwali la tebibaiti 2, kuchungulia kumekugharimu dola 12.50. Kinachopunguza bili ni kutaja safu wima chache, au kuligawa jedwali kwa tarehe ili swali liguse siku unayoitaka peke yake. Hebu fikiria sasa dashibodi ya ukutani, skrini ya kuonyesha takwimu, yenye swali kama hilo, inayojihuisha kila dakika tano: mara 288 kwa siku, dola 3,600. Kache, yaani jibu la awali lililohifadhiwa, ingeokoa kama data haijabadilika, lakini dashibodi huwekwa ukutani kwa sababu data inabadilika.

Nimewahi kuingia mtego wa namna hii mimi mwenyewe, kwa mtoa huduma aliyekuwa akitoza kwa idadi ya safu mlalo zilizosomwa. Tulikuwa na ukurasa mmoja wa ripoti, haufunguliwi na watu wengi, na ulikuwa ukifunguka upesi kiasi kwamba hakuna aliyelalamika. Chini yake kulikuwa na swali lisilo na faharasa. Kila ulipofunguliwa, jedwali lote lilisomwa kutoka juu hadi chini ili kupata mistari ishirini. Kwenye mashine ya kukodi kwa mwezi kosa hilo lingekuwa uzembe wa milisekunde kadhaa, na lingeishi miaka bila kujulikana. Pale lilikuja kama ankara. Nilikasirika, nikaandika barua ndefu ya malalamiko, kisha nikaiacha kwenye rasimu. Mita ilikuwa sahihi, na kwa kweli ilikuwa imenifanyia kazi ambayo hakuna mkaguzi wa msimbo aliyeifanya.

Hapo ndipo msimamo wangu unapotofautiana na wa wahandisi wengi ninaowaheshimu. Wao husema: anza na kulipa kadiri unavyotumia, kwa sababu mwanzoni huna watumiaji. Mimi nasema mwanzoni huna pia ujuzi wa programu yako. Mashine ya bei maalumu, hata ndogo, ina kitu ambacho mita haina: ukomo. Ukikosea, mfumo unakuwa mzito, watu wanalalamika, unarekebisha. Kwenye mita ukikosea mfumo unaendelea kuwa mwepesi, hakuna anayelalamika, na habari inakufikia mwisho wa mwezi. Kati ya aibu ya mfumo mzito na ankara isiyo na dari, timu changa inamudu aibu. Kama ni lazima uanze na mita, basi weka dari siku ileile ya kwanza. DynamoDB inakuruhusu kuwekea jedwali kikomo cha maombi kwa sekunde hata ukiwa unalipia kila ombi, na BigQuery inakuruhusu kuweka kikomo cha data itakayosomwa kwa siku. Tahadhari ya bajeti inayokutumia barua pepe si dari. Ni mjumbe, naye mara nyingi hufika saa kadhaa baada ya tukio.

Kuna mtindo wa kati unaostahili kutazamwa kwa makini kwa sababu unafanana na yote mawili. Cosmos DB ya Microsoft inahesabu kwa kipimo chake yenyewe: kusoma rekodi ya kilobaiti 1 kwa kitambulisho chake ni kipimo 1, na kila jambo lingine ni kadiri ya hapo. Unaweza kuiachia ipande na kushuka yenyewe kati ya asilimia 10 na asilimia 100 ya kiwango cha juu ulichoweka. Ila inatoza kila saa kwa kiwango cha juu kabisa ilichofikia ndani ya saa hiyo. Shughuli ya nusu dakika inayoamka kila mwanzo wa saa na kugonga juu inakulipisha saa nzima ya juu, saa 24 kwa siku, na kwa bei iliyozidishwa kwa 1.5 kwenye akaunti za kawaida. Ukizisambaza shughuli hizo kwa dakika kumi badala ya nusu dakika, kazi ni ileile na bili ni nyingine.

Snowflake, ghala jingine la data, nayo inauza muda wa injini (mashine zinazojibu maswali) kwa vipimo inavyoviita "credit": injini ndogo kabisa hula kipimo kimoja kwa saa, na kila saizi inayofuata hula maradufu. Inahesabu kwa sekunde, isipokuwa kila ikiamshwa unalipa dakika nzima ya kwanza. Watu huogopa saizi kubwa, na mara nyingi wanaogopa isivyopaswa, kwani injini maradufu ikimaliza kazi kwa nusu ya muda, gharama haibadiliki na wewe umeokoa muda wa kukaa. Cha kuogopa ni muda wa kuzimika, ambao usipoutaja unakuwa sekunde 600. Tuseme swali la sekunde tatu linakuja kila dakika tisa. Injini inayongoja dakika kumi kabla ya kuzima haitazima kamwe, utalipia saa 24. Ukiiagiza izime baada ya dakika moja, inawaka sekunde 63 mara 160, ambazo ni saa 2.8. Sijui marekebisho mengine ya neno moja yanayolipa namna hii.

Sasa vile vitu ambavyo havimo kwenye mstari wa kwanza wa bei. Nakala ya kusubiri katika kituo cha pili, ile ya kukuokoa kituo cha kwanza kikianguka, inafanya bei ya mashine iwe mara mbili, na kwenye RDS, huduma ya Amazon ya kukodisha hifadhidata za kawaida, ukiwa na nakala moja ya aina hiyo huwezi hata kusoma kutoka kwake. Diski ya RDS ukiipanua haipungui. Njia ya kurudi ni kuhamia kwenye hifadhidata mpya. Ukiizima hifadhidata ili kuokoa fedha, diski inaendelea kulipiwa, na baada ya siku saba mashine inajiwasha yenyewe. Hili la mwisho lina sababu ya kiufundi, matengenezo yasiyopaswa kucheleweshwa, lakini nani huikumbuka siku ya saba?

Ada ninayoiona ya kipekee kuliko zote ni ile ya kutofanya kitu. Tangu Machi 2024, anayebaki na MySQL 5.7, toleo la zamani la hifadhidata ya MySQL, kwenye RDS anatozwa ada ya matunzo ya ziada kwa sababu toleo hilo limepitwa na wakati: senti 10 kwa kila prosesa pepe kwa saa huko Virginia kwa miaka miwili ya kwanza, na senti 20 kuanzia mwaka wa tatu. Mashine ya prosesa nne, hata kwa zile senti 10, ni dola 292 zaidi kwa mwezi. Kwa mashine nyingi za ukubwa huo ada inazidi kodi yenyewe. Wapo wanaoiita unyang'anyi. Mimi naiona kama bei ya haki iliyoletwa kwa tabia mbaya, kwani kutunza toleo lililoachwa na watengenezaji wake ni kazi ya kweli, ila kuiwasha bila mteja kuomba ni kutegemea kwamba hasomi barua zake.

Mikataba ya mwaka mmoja au mitatu haina fumbo kubwa. Unaahidi, unapunguziwa. La kukumbuka ni kwamba punguzo kwenye RDS linagusa mashine, haligusi diski wala data inayosafiri, kwa hiyo asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo haitaonekana kwenye jumla. Funga mkataba kwa kiasi ambacho hukushuka chini yake hata usiku wa manane wa siku iliyolala kuliko zote, kinachozidi kiache kwenye bei ya kawaida. Miaka mitatu ni mingi. Mtu aliyefunga miaka mitatu kwenye aina moja ya prosesa ametazama prosesa mpya zikitoka akiwa nje ya dirisha.

Vya bure navyo, wahenga walishasema bure ghali. Kampuni ya wingu ya Heroku ilifuta hifadhidata zake za bure Novemba 2022, PlanetScale, inayokodisha hifadhidata, ikaondoa mpango wake wa bure mwaka 2024, na waliojenga juu yake wakapewa wiki chache za kuhama. Tumia vya bure kujifunzia.

Mwanzoni mwa 2024 Google, Amazon na Microsoft ziliondoa ada ya kutoa data kwa mteja anayehama moja kwa moja, wakati Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya ikiwa imeshapitishwa. Ni hatua njema, na ni ndogo. Anayehama hashindwi na ada ya kutoa data. Anashindwa na msimbo ulioandikwa kwa lugha ya hifadhidata moja. Na asiyehama bado analipia gigabaiti zinazotoka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza hifadhidata gani ni nafuu, namwomba kwanza achague tendo moja ambalo watumiaji wake wanalirudia kuliko yote, kisha tulihesabu pamoja. Tuseme ni kufungua orodha ya ujumbe 20, kila mmoja kilobaiti 1, kwenye DynamoDB, kwa usomaji ule wa nusu bei. Ukiziomba kwa swali moja, uzito unajumlishwa kwanza: kilobaiti 20, sawa na vipimo vitano, nusu yake 2.5. Ukizivuta moja moja kwa vitambulisho, kila moja inapandishwa hadi kilobaiti 4, vinakuwa vipimo 20, nusu yake 10. Orodha ikifunguliwa mara milioni, kwa senti 12.5 kwa vipimo milioni, ya kwanza ni senti 31 na ya pili ni dola 1.25. Ujumbe ni uleule, na mtumiaji haoni tofauti. Mara nyingi mazungumzo yetu huishia hapo, kwa sababu aliyeuliza ameshafungua msimbo wake kuangalia alizivuta vipi.